Kruszyniany: kijiji cha watu 160 mpakani mwa Polandi

Swali la msomaji: Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa natafuta misikiti ya kale ya Ulaya nikakutana na kijiji kiitwacho Kruszyniany, Polandi. Maelezo niliyopata ni mistari mitatu tu: ni kijiji cha gmina ya Krynki, powiat ya Sokółka, mkoa wa Podlaskie, karibu na mpaka wa Belarusi, na kina watu 160. Kwetu watu 160 ni ukoo mmoja uliokutana harusini. Je, hicho ni kijiji kweli au ni kitongoji? Kwa nini watu ni wachache hivyo ilhali kwenye ramani ardhi naiona tele? Waislamu walifikaje huko, na je, hao 160 ndio wenyewe? Na kijiji kama hicho kitakuwepo miaka 50 ijayo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Katika mistari yako mitatu, namba ndiyo inayopotosha kuliko vyote ukiisoma peke yake. Haikuambii kama kijiji kilizaliwa kidogo au kilipungua, wala kama hao 160 ni wajukuu wa waliokianzisha au wa watu waliokuja baadaye. Hayo mawili nitayakalia kwa muda. Ngazi za utawala nitazipita haraka.

Polandi ina mikoa 16. Kila mkoa una wilaya, yaani powiat, ambazo jumla yake ni 314 ukiacha miji 66 iliyopewa hadhi ya wilaya. Chini ya powiat ziko gmina, karibu 2,480 nchi nzima. Usiifananishe gmina na kata. Gmina ina baraza la kuchaguliwa, mkuu anayepigiwa kura moja kwa moja na wakazi, bajeti yake, shule zake za msingi, maji yake na barabara zake ndogo. Ni halmashauri kamili, ila ndogo. Ndani ya gmina za mashambani kuna sołectwo, ambayo ni eneo la kijiji kimoja au vichache vilivyounganishwa, lenye kiongozi aitwaye sołtys anayechaguliwa na wanakijiji wenyewe. Sołectwo ni zaidi ya 40,000.

Kwa hiyo ndiyo, Kruszyniany ni kijiji kamili. Sheria ya mwaka 2003 kuhusu majina rasmi ya makazi haiweki idadi ya chini ya watu. Inasema kijiji ni makazi yasiyo na hadhi ya mji, nyumba zake ziwe zimesongamana au zimetawanyika, ambayo shughuli zake ni kilimo au huduma na utalii vinavyokwenda na kilimo. Kila makazi yana namba yake ya tarakimu saba katika daftari la taifa liitwalo TERYT, na hata pakibaki nyumba mbili namba haifutwi hivi hivi. Tena usione 160 ni kioja. Polandi ina vijiji vipatavyo 43,000 na watu wa mashambani milioni 15 hivi. Ukigawanya unapata wastani wa watu 350 kwa kijiji. Wastani huo unapandishwa na vijiji vikubwa vya kusini na vile vilivyo pembezoni mwa miji. Kaskazini-mashariki, vijiji vya watu 50, 80 au 160 ndivyo vya kawaida.

Sasa tuje kwenye ardhi. Mkoa wa Podlaskie una kilomita za mraba 20,187 na watu wapatao milioni 1.15. Hiyo ni chini ya watu 60 kwa kilomita ya mraba, nusu ya wastani wa nchi nzima ambao ni kama 120. Tena kati ya hao, karibu 290,000 wanaishi Białystok, makao makuu ya mkoa. Ukiutoa mji huo na miji mingine, mashambani hubaki watu wachache mno.

Sababu ya kwanza iko chini ya miguu. Kruszyniany iko pembezoni mwa vilima vya Sokółka, mashariki mwa msitu mkubwa wa Knyszyn. Vilima hivyo ni kifusi kilichoachwa na barafuto zilizoshuka kutoka Skandinavia: mchanga, changarawe na mawe makubwa ya mviringo. Barafuto za mwisho hazikufika hapa, zilisimama kaskazini zaidi. Kwa hiyo kifusi hiki ni cha zamani, na maji yamekuwa na muda mrefu sana wa kukilainisha na kukichuja rutuba. Udongo ni mwepesi na wenye mawe. Unafaa viazi, nafaka zinazovumilia umaskini wa udongo, na malisho ya ng'ombe wa maziwa, ambao ndio nguzo ya kilimo cha Podlaskie leo. Haufai kulisha familia kubwa kwenye ekari tatu.

Ongeza hali ya hewa. Kruszyniany iko nyuzi 53 kaskazini mwa ikweta, mbali na bahari, katika upande wenye baridi kali kuliko sehemu nyingine za nchi ukiacha milimani. Katikati ya kiangazi mchana huchukua karibu saa 17. Desemba haufikii saa 8. Theluji hulala, ardhi huganda, na mkulima hana msimu wa pili. Akikosa mavuno ya Agosti, basi ni mpaka mwaka unaofuata. Ardhi uliyoiona tele kwenye ramani ni tele kweli, lakini sehemu kubwa ni msitu, na iliyobaki inahitaji shamba pana kwa kila kaya.

Hata hivyo, udongo hautoshi kueleza. Vijiji vingi vya upande huu vilikuwa na watu wengi zaidi miaka 100 iliyopita, kwenye udongo huohuo. Ili ujue walikokwenda, lazima kwanza ujue walikotoka, na hapa ndipo swali lako la Waislamu linapoingia.

Watatari Waislamu, watu wa asili ya Kituruki kutoka nyika za mashariki, walianza kukaa katika Utawala Mkuu wa Lituania tangu karne ya 14, wakati wa Mtawala Mkuu Witold. Walikuwa askari wa farasi: walipewa ardhi, nao wakatoa upanga vita vilipotokea. Lituania na Polandi zikaungana, nao wakawa raia wa dola hiyo kubwa, wakiwa na misikiti yao. Baada ya vizazi kadhaa lugha yao ya asili ilipotea. Wakawa wanazungumza Kibelarusi na Kipolandi, lakini vitabu vyao vya dini, pamoja na maelezo yaliyomo ya lugha hizo za Kislavoni, waliviandika kwa hati za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika tenzi na barua. Miswada hiyo ipo hadi leo, na ni hazina ambayo mtu wa Lamu au Zanzibar angeielewa thamani yake bila kuelezwa.

Mwaka 1672 baadhi ya vikosi vya Watatari vilihamia upande wa Milki ya Osmani. Mishahara yao ilikuwa haijalipwa kwa muda mrefu na haki zao zilikuwa zimebanwa. Mfalme Jan III Sobieski, mwanajeshi aliyejua thamani ya wapanda farasi hao, alitaka kuwarudisha na kuwashika. Fedha hazina haikuwa nazo. Ilichokuwa nacho ni ardhi ya kifalme katika eneo la Grodno, na nyingi ilikuwa imebaki bila wakulima baada ya vita vya katikati ya karne ya 17, vile vya Wasweden na vya Moscow. Mwaka 1679 akawalipa malimbikizo yao kwa ardhi. Kanali Samuel Murza Krzeczowski na watu wake wakapata Kruszyniany na sehemu za jirani; kikosi kingine kikapata Bohoniki, kijiji kilicho karibu na Sokółka. Miaka minne baadaye, 1683, Watatari walikuwa na Sobieski kwenye kampeni ya Vienna, wakipigana na Waosmani ambao ni Waislamu wenzao.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu linabadilisha maana ya namba. Kruszyniany ya Watatari haikukua polepole kwa wakulima kufyeka msitu. Iligawiwa kama malipo ya kazi, kwa askari wachache wenye hadhi ya kimwinyi, kila mmoja akiwa na eneo lake, na wakulima Wakristo wakafanya kazi ya shamba. Tangu mwanzo Waislamu walikuwa tabaka la wenye ardhi katikati ya majirani Waorthodoksi. Na tabaka la askari halikai shambani. Mwaka 1795 dola ya Polandi na Lituania ilipofutwa kwenye ramani, eneo la Sokółka liliangukia Prussia, kisha mwaka 1807 likawa la Urusi. Wana wa Watatari wakaenda kutumikia jeshi na ofisi za serikali, baadhi wakauza mashamba, na wakulima Waorthodoksi wanaozungumza Kibelarusi wakayanunua.

Ndiyo maana jibu la swali lako ni hapana: hao 160 si wote Waislamu, wala Waislamu si wengi kati yao. Wakazi wengi wa Kruszyniany leo ni Waorthodoksi, na kijiji kina kanisa lao. Waislamu waliobaki wakiishi humo mwaka mzima ni familia chache tu. Ukisikia mtu anakiita kijiji cha Waislamu, anazungumzia msikiti, makaburi na historia. Sensa inasema jambo jingine.

Sasa tuhesabu mapigo ya karne ya 20, maana ndiyo yaliyokigeuza kijiji kuwa cha watu 160.

Pigo la kwanza ni 1915. Jeshi la Wajerumani lilipokuwa likisonga mashariki, Warusi waliwasukuma wakulima wa maeneo haya, hasa Waorthodoksi, wafunge mikokoteni na kukimbilia ndani ya Urusi. Watu zaidi ya milioni moja waliondoka katika majimbo ya magharibi ya himaya. Vijiji vilibaki vitupu kabisa, vingine vikachomwa. Waliosalimika walirudi miaka mitano, sita au saba baadaye, baada ya njaa, tifasi na mapinduzi. Wengine hawakurudi kabisa. Katika familia za Waorthodoksi wa Podlaskie safari ile bado inazungumzwa, na kwa maoni yangu haijapewa nafasi inayostahili katika vitabu vya shule vya Polandi.

Pigo la pili ni 1939 hadi 1945. Wasovieti walilichukua eneo hili Septemba 1939. Kati ya Februari 1940 na Juni 1941 walihamisha watu kwa nguvu katika mikupuo minne, kutoka mashariki yote ya Polandi ya wakati ule kwenda Siberia na Kazakhstan. Hapa historia hiyo inatugusa: baadhi ya waliohamishwa waliruhusiwa kutoka kupitia Uajemi mwaka 1942, na maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki. Tengeru karibu na Arusha palikuwa na kambi ya Wapolandi wapatao 5,000, na Masindi nchini Uganda ilikuwapo nyingine kubwa. Makaburi ya Tengeru yapo na yanatunzwa. Ukipita Arusha, nenda ukasome majina yaliyoandikwa pale. Huko nyuma nako, mji wa Krynki ulikuwa na jamii kubwa ya Wayahudi, watengenezaji wa ngozi hasa. Mwishoni mwa 1942 Wajerumani walilivunja gheto lao, yaani mtaa waliokuwa wamefungiwa, na kuwapeleka kwenye mauaji. Mji ambao vijiji vya jirani, Kruszyniany kikiwemo, vilitegemea kwa soko na ufundi ulipoteza sehemu kubwa ya watu wake katika miezi michache.

Pigo la tatu, ambalo kwangu mimi mtu wa jiografia ndilo zito kuliko yote kwa hatima ya kijiji hiki, ni mstari wa mpaka. Kabla ya vita Krynki na viunga vyake vilikuwa chini ya wilaya ya Grodno. Grodno ni mji mkubwa ulio kando ya mto Niemen, chini ya kilomita 60 kutoka Kruszyniany kwa mstari ulionyooka. Barabara zilielekea huko, na ndiko walikokuwa madaktari, shule, mnada na mahakama. Baada ya vita mpaka mpya wa Polandi na Umoja wa Kisovieti ulipita katikati, sehemu nyingine ukifuata mto Świsłocz, na Grodno ikabaki upande wa pili. Kijiji kilichokuwa kati ya Białystok na Grodno kikawa mwisho wa barabara, kilomita chache tu kutoka kwenye waya. Hakikusogea hata hatua moja, lakini mahali pake palibadilika. Mfanyabiashara hapiti mahali ambapo barabara inaishia, kiwanda hakijengwi, na basi linapunguzwa mwaka hadi mwaka.

Mpaka huohuo uliwatawanya Watatari. Kabla ya vita walikuwa wapatao 5,500 nchini, wakiwa na misikiti 17; Umoja wao wa Kidini wa Waislamu uliundwa mwaka 1925 na kutambuliwa kwa sheria ya bunge mwaka 1936. Baada ya 1945 miji na vijiji vyao vingi, hasa vya pande za Vilnius na Nowogródek, vilibaki upande wa Kisovieti. Ndani ya Polandi mpya ilibaki misikiti miwili tu ya zamani, Kruszyniany na Bohoniki. Watatari waliohamishwa kutoka mashariki walipewa makazi magharibi na kaskazini, Gorzów, Szczecin na Gdańsk, na baadaye wengi wakarudi nyuma kidogo, wakahamia Białystok. Hivyo kituo cha Waislamu hao kiko vijijini, lakini watu wenyewe wako mijini.

Pigo la nne halikuwa na bunduki. Mwaka 1946 Białystok ilikuwa magofu yenye watu wasiofika 60,000. Viwanda, shule na nyumba za ghorofa vilijengwa, na kufikia 1990 mji ulikuwa na watu 270,000. Hawakutoka mawinguni, walitoka vijiji kama Kruszyniany. Na hawakutoka kwa uwiano sawa. Mtoto wa kiume aliyetarajiwa kurithi shamba alibaki. Msichana alikwenda shule ya ufundi mjini, akapata kazi dukani, hospitalini au kiwandani, akaolewa hukohuko. Vijiji vya mashariki mwa Podlaskie vimekuwa kwa muda mrefu na upungufu wa wanawake vijana, na wanaume wengi wa makamo wamezeekea shambani bila ndoa. Kijiji cha namna hiyo hakihitaji janga ili kipungue. Inatosha miaka 30 ya mazishi mengi kuliko ubatizo. Polandi ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, mlango wa kazi wa Uingereza ukafunguka pia, na baadaye wa Ubelgiji na Ujerumani.

Nikuonye kuhusu namba yenyewe. Mkazi wa Polandi husajili makazi yake kwenye ofisi ya gmina, na usajili huo una mazoea yake. Kijana aliye Brussels kwa miaka kumi anaweza bado kuhesabiwa kijijini kwa mama yake. Bibi aliyechukuliwa na bintiye kukaa Białystok wakati wa baridi bado ni mkazi wa kijiji kwa karatasi. Kinyume chake, familia iliyonunua nyumba ya mbao na kukaa humo kuanzia Mei hadi Septemba haimo. Sensa za 2002, 2011 na 2021 hujaribu kuhesabu wakazi halisi, hivyo namba ya sensa na ya daftari la gmina huweza kutofautiana kwa kijiji kimoja, na zote zikawa sahihi kwa kanuni zake. Kwa mji wa watu 300,000 tofauti hiyo ni ndogo. Kwa kijiji cha watu 160, familia tatu zikihama ni karibu asilimia 10. Kwa hiyo andika "wapatao 160", na useme ni wa mwaka gani.

Ukifika kijijini utaona nyumba zimejipanga kando ya barabara, nyingi za mbao, zikiwa na maghala nyuma na mashamba nyuma ya maghala. Mpangilio huo wa kijiji cha mtaa mmoja ni wa kawaida sana eneo hili. Asili yake ni upimaji wa ardhi za kifalme ulioanzishwa na Mfalme Zygmunt August mwaka 1557, uliowatoa wakulima kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwapanga kwenye mistari. Msikiti uko kando ya barabara, umezungukwa na miti. Ni wa mbao za msonobari, umepakwa rangi ya kijani, na mbele una minara miwili mifupi yenye mwezi mwandamo. Mtu asiyeangalia juu angeweza kudhani ni kanisa dogo la kijijini, kwa sababu mafundi walijenga kwa ujuzi uleule waliojengea makanisa ya mbao ya jirani. Ndani kuna mazulia, mihrabu, mimbari, na ukutani aya za Kurani zilizowekwa kwenye fremu. Wanawake wana chumba chao, kilichotenganishwa kwa ukuta wenye uwazi mrefu unaozibwa kwa pazia, ili sauti ya imamu ipite. Na kibla huko ni kusini, wakati kwetu ni kaskazini.

Nyuma ya msikiti, kwenye kilima chenye misonobari, ndiko makaburini, ambako wao huita mizar. Makaburi ya zamani kabisa ni ya mwisho wa karne ya 17. Yana jiwe kubwa kichwani na dogo miguuni, na mawe yenyewe ni yaleyale ya mviringo yaliyobebwa na barafuto, ambayo mkulima huyalaani kila anapolima. Mengine yamechongwa maandishi ya Kiarabu, mengine Kirusi, mengine Kipolandi, kutegemea nani alitawala wakati huo. Mizar hiyo bado inatumika. Mtatari aliyeishi maisha yake yote Gdańsk au Białystok huletwa kuzikwa hapa, na sikukuu za Idi watu hurudi kwa magari. Idadi ya wanaokiona kijiji hiki kuwa chao, kwa hiyo, ni kubwa kuliko idadi ya wanaolala humo Januari, na hakuna safu ya sensa inayowahesabu.

Watalii nao ni sehemu ya uchumi. Msikiti wa Kruszyniany na wa Bohoniki, pamoja na mizar zake, ulitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya taifa mwaka 2012, hadhi ya juu kabisa ya ulinzi nchini humo. Wageni huja kuuona na kula chakula cha Kitatari, hasa pierekaczewnik: tabaka sita za unga uliosukumwa mwembamba, kila moja ikipakwa mafuta, ndani nyama au jibini, kisha huviringishwa na kuokwa kwenye sufuria la duara. Umoja wa Ulaya uliusajili mwaka 2009 kuwa chakula cha asili chenye kulindwa. Mwaka 2018 nyumba ya chakula iliyokuwa maarufu kuliko zote kijijini iliteketea kwa moto, na michango ya watu wa nchi nzima ikasaidia kuijenga upya. Kwa kijiji cha ukubwa huu, nyumba moja ya chakula yaweza kuwa mwajiri mkubwa.

Ndiyo maana Septemba 2021 iliumiza. Kufuatia msukosuko wa wahamiaji waliokuwa wakisukumwa kuvuka kutoka Belarusi, serikali ilitangaza hali ya hatari katika makazi 183 ya mpakani, na wageni wakazuiwa kuingia hadi mwisho wa Juni 2022. Vyumba vya wageni na meza za chakula katika ukanda huo vilikaa bila mtu msimu mzima. Wakati huohuo uzio wa chuma wenye urefu wa kilomita 186 na kimo cha mita 5.5 ulijengwa. Na baadhi ya wahamiaji Waislamu waliofia msituni walizikwa na Watatari kwenye mizar ya Bohoniki, kwa sala ya jeneza kamili, na watu ambao hawakuwahi kuwajua. Nalieleza hilo kwa heshima: jamii ndogo hivyo iliubeba wajibu ambao jamii kubwa zingeweza kuukwepa.

Je, kijiji kitakuwepo miaka 50 ijayo? Kwa maoni yangu, wakazi wa kudumu watazidi kupungua; sioni cha kugeuza mwendo wa umri ulioko. Lakini kupungua si kufutika, na sheria moja ya Polandi inanipa sababu ya kusema hivyo. Gmina ikikubali kuanzisha mfuko wa sołectwo, mgawo wa kila kijiji hukokotolewa hivi: chukua idadi ya wakazi, gawa kwa 100, ongeza 2, kisha zidisha kwa mapato ya kawaida ya gmina kwa kila mkazi. Kijiji cha watu 160 kinapata mara 3.6 ya kiwango hicho. Kikishuka hadi watu 60, yaani kikipoteza zaidi ya nusu, bado kinapata mara 2.6. Ile mbili inayoongezwa mwanzoni ni ngao ya vijiji vidogo. Na wanakijiji wenyewe ndio huamua kwenye mkutano fedha ziende wapi: taa za barabarani, ukumbi, uwanja wa watoto.

Ningekuwa wewe nisingetazama idadi ya watu pekee. Tazama kama basi la Krynki bado linafika siku za shule. Tazama ni nyumba ngapi zina moshi kwenye bomba mwezi Februari. Na tazama kama vivuko vya Bobrowniki na Kuźnica viko wazi, kwa sababu mpaka unaopitika humrudishia Kruszyniany nusu ya ramani yake, na mpaka uliofungwa humwacha na barabara moja tu ya kwenda magharibi. Ukifuata mzunguko wa miaka kumi, sensa nyingine itakuwa mwaka 2031. Takwimu za ngazi ya gmina utazipata bure kwenye hazina ya takwimu za maeneo ya ofisi ya takwimu ya Polandi, GUS. Anza na gmina ya Krynki, chukua miaka 2002, 2011 na 2021, utenganishe wanawake wa miaka 20 hadi 39 na wanaume wa umri huo, kisha uniletee jedwali tulisome pamoja.